Reale ya Mzinga: Kuitenga ya Kweli na ya Bandia

Waheshimiwa wazee wetu, mafundi sonara wenzangu, wauzaji wa vitu vya kale, na nyinyi vijana mliokuja na sarafu mfukoni mkitaka kujua kama mmepata au mmepatikana: asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa mada mliyonipa, maana ni mada nisiyochoka kuizungumza.

Mmenitaka nieleze namna ya kuzitambua sarafu bandia za fedha za Wahispania, zile zilizopigwa katika makoloni yao ya Amerika. Nitaeleza kwa vitendo, kwa hiyo kuanzia sasa vitu vitapita mikononi mwenu. Ombi langu ni moja: ishikeni sarafu kwa ukingo, gumba huku na kidole cha shahada kule, msiziguse nyuso zake. Jasho la vidole linaila fedha taratibu.

Hii ninayoanza nayo ni sarafu ya reali 8, yaani peso moja, iliyopigwa katika mji wa Meksiko mwaka 1795. Upande huu ni mfalme Carlos wa Nne, shada la majani kichwani, jina lake limeandikwa CAROLUS IIII, na hiyo nne imeandikwa kwa vijiti vinne vilivyosimama. Geuzeni. Mtaona ngao yenye ngome mbili na simba wawili, taji juu yake, na nguzo mbili kushoto na kulia zilizozungushiwa utepe. Wazee wetu wa pwani waliijua vizuri sarafu hii. Ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria waliiita reale ya Shamu. Hii waliiita reale ya mzinga, kwa sababu nguzo zile machoni mwao zilikuwa mizinga miwili iliyosimamishwa. Ukiikuta kwenye kisanduku cha bibi, au imetiwa kipete juu ikawa kidani, usishangae. Ilipita bandari zote za bahari yetu, ikaenda hadi Uchina, na huko Marekani iliendelea kukubaliwa kisheria kama fedha halali hadi mwaka 1857.

Sarafu iliyopendwa na dunia nzima ilighushiwa na dunia nzima. Ilighushiwa ilipokuwa bado inatumika sokoni, na inaghushiwa leo kwa ajili ya wakusanyaji. Neno langu kwenu leo ni hili: sarafu ya kweli mambo yake yote hupatana. Mwaka hupatana na mfalme, mfalme hupatana na sura, herufi hupatana na mji, ukingo hupatana na mtambo, uzito hupatana na ukubwa. Mghushi hujua mambo mawili au matatu kati ya hayo, na huyafanya vizuri kweli. Yote hayajui. Kwa hiyo msitafute kasoro moja ya ajabu. Tafuteni mahali ambapo sehemu moja ya sarafu inaikana nyingine.

Tuanze na kitu ambacho wanunuzi wengi hukipita. Someni maandishi ya upande wa ngao, mkizunguka: HISPAN ET IND REX, maana yake mfalme wa Hispania na Indi, yaani makoloni yake ya ng'ambo. Halafu kuna M yenye kiduara kidogo juu yake, ndiyo alama ya kiwanda cha Meksiko. Halafu 8R, thamani. Halafu F na M. Hizo herufi mbili za mwisho ndizo ninazozisoma kabla ya kitu kingine chochote. Ni herufi za majina ya wapima fedha wawili wa kiwanda, watu ambao kazi yao ilikuwa kuyeyusha kipande cha kila fungu na kuthibitisha kwamba fedha ni safi kwa kiwango cha sheria. Ukiweka herufi yako pale umejifunga kwa shingo yako. Nasema kwa shingo, na sitii chumvi.

Twendeni Potosí. Leo uko Bolivia, mji wa mlimani, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba na baridi kali. Mwaka 1545 ilionekana fedha katika mlima wa Cerro Rico, na kabla karne haijaisha fedha ya mlima ule ilikuwa imeubadilisha uchumi wa dunia. Wenyeji wa Andes walichukuliwa vijijini kwa zamu kwenda kuichimba, kazi ya lazima iliyoitwa mita, na madini yalisafishwa kwa zebaki iliyoletwa kutoka Huancavelica, Peru. Walikufa wengi, ndani ya mashimo na kwa sumu ya zebaki. Nalitaja hili makusudi. Tunapoishika sarafu hii tumeshika jasho na pumzi za watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya nichukizwe na anayeuza bandia yake.

Kiwanda cha sarafu cha Potosí kilianza kazi miaka ya 1570. Miaka ya 1640 ukaingia ufisadi. Wafanyabiashara wa fedha waliokuwa wakileta vipande kiwandani walielewana na maofisa, shaba ikazidishwa katika mchanganyiko, na tofauti ikaingia mifukoni mwao. Hebu fikirini: sarafu yenye nembo ya mfalme, imetoka katika kiwanda cha mfalme, imepigwa na mafundi wa mfalme kwa vyombo vya mfalme, na ni bandia. Ilipofika Ulaya, wenye benki waliipima, wakaikataa. Mfalme Felipe wa Nne akamtuma mchunguzi, padri mmoja aliyeitwa Francisco de Nestares Marín. Alifika Potosí mwishoni mwa 1648 na hakuwa mtu wa kuhongwa. Mpima fedha Felipe Ramírez de Arellano aliuawa. Francisco Gómez de la Rocha, mmoja wa matajiri wakubwa wa mji ule, naye akauawa mwaka 1650. Sarafu zile watu walizibandika jina lake, wakaziita rochuna, zikashushwa thamani, na nyingine zikagongwa muhuri mdogo wa taji ili zikubalike tena kwa thamani mpya.

Mwaka 1652 Potosí ikatoa muundo mpya kabisa, nguzo mbili juu ya mawimbi ya bahari. Katika muundo huo herufi ya mji, herufi ya mpima fedha na mwaka zinaandikwa zaidi ya mara moja kwenye sarafu ileile. Sarafu za wakati huo zilikatwa ovyo ovyo kwa mikono, mara nyingi nusu ya maandishi ilipotea. Kwa kurudia, hata kipande kibaya kingebaki na herufi ya mwenye dhamana.

Sasa mnaelewa kwa nini nasema anzeni na herufi. Kwa Meksiko, FM ilikuwepo miaka ya 1770 hadi 1777, kisha tena kutoka 1784 hadi 1801. Ikafuata FT. Halafu TH, ambayo ilidumu hadi 1810. Kwa Potosí, ambayo alama yake ya baadaye ni herufi P, T na S zilizopandanishwa, PR ilianza 1776 ikaishia 1795, ikaja PP. Mtu akikuletea Meksiko ya 1788 yenye TH, huna haja ya kutoa mizani. Mwenye herufi hizo hakuwa kazini bado. Orodha za wapima fedha zinapatikana bure, ziandikeni kwenye daftari au zihifadhini kwenye simu. Na ukipata Meksiko ya 1772, ambayo herufi za kiwanda na za wapima fedha zimesimama kichwa chini, usiitupe: ndivyo zilivyopigwa mwaka huo, na baadhi ya za 1773 pia.

Baada ya herufi, wafalme na miaka. Sura ya mfalme kwenye sarafu hizi kubwa za fedha imeanza 1772. Kabla ya hapo, tangu 1732 kwa Meksiko, kulikuwa na muundo mwingine mzuri mno: dunia mbili zimepandana kati ya nguzo mbili, zikiwa juu ya bahari, taji juu yake, na maneno UTRAQUE UNUM. Kwa hiyo kichwa cha mfalme pamoja na mwaka 1760 ni uongo wa wazi, na bado vinauzwa, na bado watu wananunua. Hali kadhalika dunia mbili pamoja na mwaka 1790.

Itazameni hii ya pili ninayoizungusha. Imeandikwa mwaka 1796, na mfalme ni CAROLUS III. Hesabuni vijiti: ni vitatu. Carlos wa Tatu alifariki Desemba 1788. Aliyetengeneza hii alinakili upande mmoja kutoka sarafu moja, akabadilisha mwaka, hakujua kwamba ufalme ulikuwa umekwisha kubadili mkono.

Lakini hapa nataka niwatahadharishe, maana elimu kidogo nayo ina hatari yake. Habari za kifo cha mfalme zilivuka bahari kwa jahazi, na sura ya mfalme mpya ilitakiwa ichongwe kwanza Hispania ndipo ifike Amerika. Kwa hiyo zipo sarafu za 1789 na 1790 zenye jina la Carlos wa Nne na uso wa baba yake. Hizo ni za kweli kabisa. Yakatokea hayohayo 1808, Fernando wa Saba alipotawazwa katikati ya fujo za Napoleon. Meksiko na Lima hawakuwa na picha yake, wakachonga mfalme wa kubuni. Wa Meksiko amevaa deraya kifuani. Ukimlinganisha na picha za baadaye utasema ni mtu mwingine, na ni kweli ni mtu mwingine, lakini sarafu ni halali. Anayezijua hizi tofauti ndiye anayeweza kununua bila hofu.

Twende kwenye ukingo, na hapa naomba utulivu kidogo kwa sababu ndipo mahali ninapopaamini kuliko pote. Chukueni lenzi, ya kukuza mara kumi inatosha. Kwenye sarafu ya 1795 mtaona ukingoni kiduara, halafu kistatili, kiduara, kistatili, kuzunguka pande zote. Zile za zamani zaidi, za dunia mbili, ukingo wake una majani yaliyofuatana. Nakshi hii iliwekwa kuwazuia wezi waliokuwa wakikwangua au kukata kingo na kukusanya fedha kidogo kidogo. Iliwekwa kabla sarafu haijapigwa: kipande kitupu kilibiringishwa kati ya pau mbili za chuma, kila pau ikiwa na nakshi ya nusu ya mzunguko. Nusu hizo mbili zilipokutana, mara chache zilikutana sawasawa. Zungusheni taratibu. Hapo, karibu na juu ya kichwa cha mfalme, mnaona kiduara kimemeza nusu ya kistatili? Endeleeni kuzungusha hadi upande wa pili, mkabala wake. Pako tena. Sehemu mbili za kupandana, zikitazamana. Hilo ni kosa la mtambo wa karne ya 18, na mghushi wa leo mara nyingi halijui, au analiona ni ubovu analirekebisha.

Halafu itazameni ile ya 1796. Ukingo wake una mistari midogo iliyosimama, ileile ya shilingi tuliyonunulia chai asubuhi. Basi. Mwingine mtamkuta ametengeneza viduara na vistatili vizuri, lakini vimelingana mzunguko mzima bila kupandana popote. Na mwingine atakuwa na mshono, mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo, au alama za tupa pale alipojaribu kuuondoa. Mshono ni habari ya kalibu: sarafu imesubiwa, yaani imemiminwa ikiwa imeyeyuka, kwa nusu mbili, haikupigwa. Nikipewa sarafu na kuambiwa nitazame kitu kimoja tu kabla sijatoa jibu, nitautazama ukingo.

Mizani sasa. Kiwango cha sheria tangu 1728 ni gramu 27.06. Zilizotangulia, zile za kukatwa kwa mkono, kiwango chake kilikuwa gramu 27.47. Hii ya 1795 imetumika, inasoma 26.9. Hiyo ni sawa, fedha husagika. Ile ya 1796 inasoma 22.4. Zina upana uleule, unene uleule. Gramu nne na nusu zimekwenda wapi? Hazikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu ndani si fedha.

Kwa wasio na mashine, kuna njia ya maji, na kila sonara anapaswa kuiweza. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya kidijitali, uirudishe isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote ukiwa umeushika uzi, isiguse chini wala ubavuni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Ya 1795: 26.9 kwa 2.6, tunapata kama 10.3. Ndivyo fedha ya aina hii inavyopaswa kuwa, kwani fedha tupu ni 10.49 na shaba iliyochanganywa huishusha kidogo. Ya 1796: 22.4 kwa 2.6 hiyohiyo, tunapata 8.6. Hapo tuna mchanganyiko wa shaba na zinki, au shaba na nikeli, uliochovywa.

Mghushi mjanja atasema, basi nitaongeza unene ili ifike gramu 27. Akifanya hivyo sarafu yake inanenepa karibu moja ya tano zaidi, na kipimo cha unene kitamuumbua. Mjanja zaidi atachanganya risasi na bati, kwa sababu risasi ni nzito kuliko fedha, na mchanganyiko unaweza kuangukia 10.3 palepale. Hapo sikio ndilo litakalomkamata: haina mlio. Ibalanzishe sarafu ya kweli kwenye ncha ya kidole, uigonge kidogo kwa kalamu ya mbao. Italia, na mlio utadumu. Ya risasi inasema "tu" na kunyamaza. Ila sarafu ya kweli yenye ufa nayo hailii, kwa hiyo msimhukumu mtu kwa mlio peke yake. Sumaku nayo ni hivyohivyo. Ikinasa, chuma kimo na mjadala umekwisha. Isiponasa hujaambiwa kitu, maana shaba nayo hainasi.

Nimesema sarafu husagika. Muizingatie hesabu hiyo kinyume chake pia. Ukiona sarafu ambayo nywele za mfalme zimefutika, ngao imebaki kivuli, halafu uzito ni gramu 27 kamili, jiulize ilisagika bila kupoteza fedha kwa njia gani. Huyo alisubiwa kutoka sarafu iliyosagika. Na waliosubiwa wana uso wao: herufi hazina kona, ziko duara na zinateleza kama sabuni iliyokwisha kutumika, na chini ya lenzi kuna vitundu vidogo vya hewa, hasa kwenye mashina ya herufi. Sarafu iliyopigwa ina kona kali pale herufi inapoota kutoka kwenye uwanda, na uwanda wenyewe una mng'ao unaotembea unapoigeuza kwenye mwanga.

Zile za kukatwa kwa mkono, zisizo duara, wengi wanazipenda kwa sababu ya hadithi za maharamia. Zinaghushiwa mno na zinauzwa mno kwa watalii. Kwa hizo mambo ya ukingo hayapo, na mwaka mara nyingi haupo. Lakini hapo pana jambo jepesi lisilokosea. Kila moja ilikatwa kwa mkasi mpaka ikafika uzito wake, ikapigwa kwa nyundo. Hakuna mbili zenye umbo moja. Ukikuta mbili zenye pembe zilezile, ufa uleule, mkwaruzo mahali palepale, ujue zimetoka kalibu moja. Pigeni picha za kila sarafu inayouzwa mnayoiona, mzilinganishe.

Kuna waliopiga bandia zao kwa fedha ya kweli, uzito wa kweli. Hao ndio wagumu. Hapa linaingia jambo ambalo mfalme mwenyewe alilifanya kwa siri. Tangu 1728 usafi ulikuwa sehemu 917 kati ya 1,000. Mwaka 1772, pamoja na kuleta sura yake, Carlos wa Tatu aliamuru kwa siri ushushwe hadi 903, na 1786 ukashushwa tena kwa siri hadi 896. Kwa hiyo mkipeleka sarafu ya 1795 kwenye mashine ya eksirei ikasoma 925, au 999, msishangilie. Fedha ya 925 ni ya vidani vya siku hizi. Fedha ya 999 ni ya kiwanda cha kisasa. Mara nyingi fedha ya kale pia huwa na chembe za dhahabu na risasi ambazo wasafishaji wa zamani hawakuziondoa. Kumbukeni tu kwamba mashine hiyo husoma ngozi ya juu. Kitu kilichochovywa vizuri kinaweza kuihadaa, kwa hiyo ipimeni na kwenye ukingo, na msisahau maji.

Sasa, bandia si za jinsi moja, na namna mnavyozitendea isiwe moja. Ziko zilizotengenezwa zama sarafu yenyewe ilipokuwa sokoni, karne ya 18 na ya 19. Uingereza, baada ya ufundi wa Sheffield wa kuunganisha bamba la fedha juu ya shaba kuvumbuliwa miaka ya 1740, waghushi nao walijifunza. Hizo mtazijua kwenye shavu la mfalme na kwenye bega: fedha imelika, wekundu wa shaba umechungulia. Mwaka 1797 Benki ya Uingereza ilipopungukiwa na sarafu, iligonga kichwa kidogo cha George wa Tatu shingoni mwa mfalme wa Hispania ili zitumike London, na haukupita muda waghushi wakawa wanagonga vichwa vyao wenyewe. Mwaka 1804 ikabidi Matthew Boulton wa Birmingham azipige upya uso mzima. Huko New Orleans, John Leonard Riddell, aliyekuwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Marekani, alizikusanya na kuzichambua mamia, za kweli na za uongo, akachapisha kazi yake mwaka 1845. Leo bandia hizo za kale zina wapenzi wake, na baadhi ni adimu. Ukiipata, iandike jina lake la haki, bandia ya zamani, uiweke. Usiiyeyushe.

Muhuri mdogo wa Kichina unaouona kwenye nyingi, alama ya mpima fedha wa Canton au kwingineko aliyeikubali, huo pia leo unagongwa juu ya bandia ili kuzipa heshima. Muhuri si ithibati.

Ziko nakala za maonyesho na za watalii. Marekani ina sheria tangu 1973 inayotaka nakala iandikwe neno COPY. Walaghai hulisugua. Mkiona kwenye sarafu kijisehemu kimoja kimelala bapa, kimeng'aa tofauti na pengine pote, someni hapo kwa lenzi na mwanga wa ubavuni.

Na ziko zinazotengenezwa sasa hivi, kwa makusudi ya kuiba. Hizo zinafika kwetu kwa simu, kwa picha nzuri, kwa bei ya huruma, na mara nyingi pamoja na hati kwamba zimetoka kwenye meli iliyozama. Meli zilizozama ni za kweli. Atocha ilizama 1622 karibu na Florida, ikapatikana 1985. El Cazador ilipotea 1784 ikiwa na shehena ya sarafu za Meksiko, nyavu za wavuvi zikaivumbua 1993 katika Ghuba ya Meksiko. Lakini hati ni karatasi, na karatasi ni rahisi kughushi kuliko fedha. Tena maji ya chumvi huila fedha. Sarafu ya baharini ina vidimbwi usoni na uzito wake umepungua. Akikuletea ya Atocha iliyo laini, inayong'aa, yenye uzito kamili, usibishane naye. Mrudishie.

Mafundi wenzangu, nina la kwenu. Tafadhali acheni kuweka tindikali juu ya uso wa sarafu mnazoletewa. Doa halitoki, na thamani inakwenda nayo. Msizing'arishe kwa majivu wala kwa dawa ya meno. Ule weusi wa miaka 200 mnaouona uchafu ndio mnunuzi anaoutafuta. Na mama akikuletea kidani chenye reale, akataka kipete kiondolewe, mweleze kwanza ni nini alicho nacho. Ukiipima ikiwa na kipete, toa uzito wa kipete na wa risasi ya kuchomelea kabla hujasema imezidi.

Kuna kijana ameniandikia kikaratasi hapa, anauliza kuhusu reale ya Shamu. Hiyo kanuni zake mbali. Mwaka wake ni 1780 siku zote, iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo katika miji mingi muda mrefu baada ya Malkia kufariki, kwa hiyo mwaka haukusaidii na kupigwa upya si ughushi. Tutaipangia siku yake.

Mwingine anauliza: nikigundua nimenunua bandia ya siku hizi, niifanye nini? Mpigie aliyekuuzia, umpe nafasi ya kurudisha pesa, maana wauzaji wengi nao wamedanganywa. Akikataa, iweke. Andika kwa kalamu ya kudumu kwenye bahasha yake neno BANDIA, uzito wake, namba ya maji, na mahali ilipojikana: ni herufi, ni ukingo, ni mfalme. Waoneshe wenzio. Usiiuze tena kwa kusema "mimi sijui, tazama mwenyewe", kwa sababu unajua.

Mizani ziko mbili pale mezani, kikombe cha maji kipo, lenzi ziko nne. Nitakaa mpaka saa mbili usiku. Wenye vidani waanze, wafuatiwe na wenye sarafu zaidi ya moja; na ile ya 1796 naomba irudi kwangu, sitaki itoke mlangoni leo.